Mama Anataka Tumwombee Baba Huruma, Mimi Nataka Ahukumiwe

Mama mshauri, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika usiku, mwanangu amelala. Ukiitoa barua hii naomba usitaje jina langu wala parokia yetu. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Songea, mtoto wa kwanza kati ya watano. Kwetu ni Mbinga, kijijini, kwenye kahawa.

Baba yangu alifariki mwaka jana, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi. Ili unielewe inabidi nirudi nyuma. Kahawa yetu tuliichuma sisi sote. Mama na sisi watoto tulichuma, tukakoboa, tukaanika kwenye vichanja, tukachagua punje mbovu moja moja mpaka vidole vikanuka. Fedha zikitoka, baba huvaa koti lake, anakwenda kuzichukua, na ndiyo hatumwoni tena. Wiki mbili, mara nyingine tatu. Akirudi zimekwisha na amekasirika, kana kwamba sisi ndio tuliozila. Nilipokuwa darasa la sita mama alimuuliza swali moja tu: sare za watoto tutanunua kwa nini? Akamvunja mkono. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika kibatari. Ni mkono wa kushoto, kwenye kiwiko. Hospitali alikwenda siku ya tatu baada ya majirani kupiga kelele, na mpaka leo kiwiko hakinyooki. Akisali rozari huishika kwa mkono huo huo. Ikifika fungu la tatu mkono unachoka, anaulaza mapajani. Na mimi mpaka leo mlango ukigongwa usiku nashtuka, natafuta kibatari ambacho hakipo.

Nikiwa kidato cha pili baba alituacha kabisa, akaenda kuishi na mwanamke mwingine miaka kumi na miwili. Kisha, miaka mitatu kabla ya kufa, akaletwa amelazwa nyuma ya pikapu, amepooza upande mmoja kwa kiharusi, na mfuko mmoja wa nguo. Mama akampokea. Akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza usiku asipate vidonda. Kwa mkono ule ule.

Baba alisema kwa shida, maneno machache tu: maji, baridi, jina la mama. Neno la kuomba msamaha sikulisikia. Padre alikuja akampa mpako wa wagonjwa. Siku mbili kabla ya kufa, mimi nimesimama na beseni, aliunyoosha mkono wake mzima akakishika kiwiko cha mama, akakaa nacho kitambo. Mama anasema pale ndipo alipoomba msamaha. Mimi nilikuwepo. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye stuli nyuma ya mkono wa mama. Naona alikuwa anakitafuta kikombe.

Kwenye mazishi tulihubiriwa kwamba huruma ya Mungu haina mipaka na kwamba baba yetu sasa amepumzika. Watu wakaitikia amina. Mimi tumbo lilikaza. Kwa urahisi hivyo? Na mkono wa mama je?

Sasa mama, ambaye yumo kwenye kikundi cha Huruma ya Mungu, ameamua misa ya mwaka iwe wiki ile baada ya Pasaka, na kuanzia Ijumaa Kuu isaliwe novena ya Huruma ya Mungu, sala ya siku tisa, nyumbani kwa ajili ya baba. Kila mtoto amepewa siku zake za kuongoza. Mimi nimepewa siku ya nane, siku ya roho za toharani, za marehemu wanaosafishwa kabla ya kuingia mbinguni. Na kama mtoto wa kwanza natakiwa nitoe sadaka ya misa na fedha ya chakula. Fedha ninayo, iko kwenye simu, lakini kidole hakibonyezi.

Mdogo wangu wa kiume anasema nisimvunje mama moyo uzeeni. Mdogo wangu wa kike anasema baba yuko motoni, kumwombea ni kupoteza muda. Na mwanajumuiya mmoja niliyemdokeza alinijibu: "Usiposamehe hutasamehewa. Na Komunyo usiiguse, utakula hukumu yako." Huu ni mwezi wa tano nabaki kwenye benchi wenzangu wakienda kupokea. Baba Yetu naisali mpaka "utusamehe makosa yetu", hapo nanyamaza. Sitaki kumdanganya Mungu.

Nikuambie lililo chini kabisa. Sitaki baba aende mbinguni. Naogopa kufika huko nikamkuta ameketi mezani na mama kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu najiogopa mwenyewe, maana anayemtakia mzazi wake moto naye atahukumiwaje? Juzi mwanangu wa miaka saba aliniuliza, "Babu yuko wapi sasa hivi?" Nikamwambia akapige mswaki alale.

Nikatae novena? Niende nisali kwa midomo tu? Na huyo Mungu wa huruma, ya kwangu anayaona?

Mwenye Siku ya Nane, Songea

* * *

Milele amina. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale penye kikombe cha maji. Pole. Pole kwa yule mtoto wa darasa la sita aliyeshika taa ili mtu mzima aone vizuri anachokifanya. Nadhani hakuna aliyekupa pole ya usiku ule, kwa sababu kila mtu, kwa haki kabisa, alikuwa anautazama mkono wa mama.

Nikikuelewa, huniulizi kama Mungu ana huruma. Hilo ulilisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Unauliza kama huruma hiyo imewaruka wewe na mama yako ili imfikie baba. Unauliza kama ili mtu yule apokelewe, lazima kwanza kiwiko kile kisahauliwe. Na kwa kuwa hukubali kisahauliwe, umehitimisha kwamba wewe uko upande wa hukumu na mama yuko upande wa huruma, na kwamba Mungu yuko na mama. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani tunasema kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Wengi wetu maneno hayo tuliyapokea kwa hofu, kwa sababu tulifundishwa mambo manne ya mwisho, yaani kifo, hukumu, mbingu na moto, tukiwa wadogo na mwalimu ameshika fimbo. Lakini wasikilize wanaoyasema wakiwa wameonewa. Kwao ni habari njema: kwamba kesi haikufungwa kwa sababu tu mashahidi walikuwa watoto, na kwamba yuko aliyeona bila kuhitaji kibatari. Katika kitabu cha Ufunuo, sura ya sita, roho za waliouawa zinalia chini ya altare, zinamuuliza Mungu mpaka lini hatahukumu. Hawakemewi kwa kulia hivyo. Wanapewa mavazi meupe na kuambiwa wangoje bado kidogo. Kwa hiyo kutaka haki itendeke hakujakutoa kwenye sala. Huenda ndiyo sala yako ya kweli kwa miezi yote hii mitano.

Umeandika kwamba unaogopa kumkuta baba mezani "kana kwamba hakuna kilichotokea". Tarehe 30 Novemba 2007, Papa Benedikto XVI alitoa waraka juu ya matumaini ya Kikristo, Spe Salvi. Humo anasema neema haiifuti haki, na kwamba watenda maovu hawaketi mwishoni kwenye karamu ya milele kando ya wale waliowaonea bila tofauti yoyote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni karibu maneno yako yenyewe. Ulidhani wazo hilo limekutoa nje ya imani, kumbe limo ndani ya waraka wa Papa.

Na waraka huo unaendelea mpaka toharani, unaigusa siku yako ya nane. Papa anaeleza kwamba moto unaochoma na kuokoa ni Kristo mwenyewe, Hakimu na Mwokozi. Mtu anapokutana uso kwa uso na mtazamo wake, uongo wote unayeyuka, na kuumia huko ndiko kunakomsafisha. Fikiria maana yake kwa baba yako. Kama ameokoka, hakuokoka kwa kukizunguka kiwiko cha mama. Amekipitia. Ameonyeshwa alichokifanya, kwa namna ambayo wewe na mimi hatungeweza kumwonyesha hata tungempigia kelele miaka kumi. Toharani ndipo mtu anapoacha kujitetea. Unaposema "sitaki aende mbinguni", jiulize polepole, bila kujilaumu: sitaki afike, au sitaki afike bila kujua? Ni vitu viwili tofauti, na jibu unalo wewe.

Hapo naomba niwataje wadogo zako na mahubiri ya mazishi. Kanisa limetangaza watakatifu kwa maelfu, lakini halijawahi kumtaja mtu hata mmoja kwa jina kwamba yuko motoni. Mdogo wako wa kike namwelewa uchungu wake, ila amesema asichoweza kukijua. Na aliyesema kaburini kwamba baba amekwisha pumzika, naye nadhani alitaka kuwafariji akatangulia mbele kidogo. Sala zenyewe za mazishi zinaomba, hazitangazi. "Raha ya milele umpe, ee Bwana": tunaomba apewe. Tungekuwa na hakika kwamba ameshafika, misa ya mwaka ingekuwa ya nini? Kumwombea marehemu si kumwandikia cheti cha tabia njema. Ni kukiri kwamba bado kuna jambo kati yake na Mungu, na pengine kati yake na sisi.

Ibada yenyewe ya Huruma ya Mungu nayo si njia ya mkato kama inavyosikika tukiisali haraka haraka. Sista Faustina Kowalska, yule mtawa wa Poland aliyezaliwa 1905 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1938, hakumwacha Hakimu nyuma. Katika shajara yake Kristo anaufungua kwanza mlango wa huruma, na asiyetaka kuupita huo atapita mlango wa haki. Milango yote miwili ni ya nyumba moja. Hata Kanisa lilisita na ibada hii: kuanzia 1959 lilizuia isienezwe kwa namna iliyotolewa katika maandiko ya Sista Faustina, na zuio likaondolewa Aprili 1978. Ibada ambayo Kanisa lenyewe lilisita nayo miaka 19 haiwezi kukunyima wewe ruhusa ya kusita wiki chache. Na Yohane Paulo II alipomtangaza Faustina mtakatifu, tarehe 30 Aprili 2000, na kutangaza kwamba Jumapili ya pili ya Pasaka itaitwa ya Huruma ya Mungu, injili ya siku hiyo ilikuwa ni ile ile inayosomwa kila mwaka, ya Tomaso, mtume aliyekataa kuamini mpaka ayaguse majeraha. Umewahi kuitafakari? Jumapili ya Huruma, Mfufuka anaonyesha majeraha. Amefufuka, amevishinda vyote, na makovu hakuyaficha. Anasema: tia kidole chako hapa.

Unaposema unaogopa mkono wa mama utasahauliwa mbinguni, mimi nakumbuka Jumapili hiyo.

Sasa kuhusu kusamehe. Umeichukua kama hisia: mpaka nisikie moyo umelainika, nikisema nimesamehe nitakuwa mwongo. Nakuheshimu kwa kutotaka kumdanganya Mungu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa 1992, inapofafanua maneno yale yale ya Baba Yetu yanayokunyamazisha, inakiri kwamba haiko katika uwezo wetu kutosikia kosa tena wala kulisahau. Kinachoombwa ni moyo ujitoe kwa Roho Mtakatifu, yeye ndiye aligeuze jeraha kuwa huruma. Wapo waliokwama hapo kwa miaka, wakaanzia kwa Yesu msalabani. Yeye aliomba: Baba, uwasamehe. Kama "nimekusamehe" halitoki, huenda "Baba, hili ni lako" likatoka. Na kama nalo halitoki, basi mwambie kwamba halitoki. Hiyo nayo ni sala.

Lipo jambo jingine. Msamaha wa mama ni wa mama. Amesamehe mkono wake, ndoa yake, miaka yake kumi na miwili. Fungu lako hawezi kukusamehea. Baba alikuwa na deni lake kwako: usiku ule, sare, kidato cha pili bila baba, malezi uliyobeba kabla ya wakati wake. Mama akiwahi kufika haina maana kwamba wewe umechelewa. Mmetoka sehemu mbili.

Nisije nikasomwa vibaya na mama mwingine ambaye leo jioni anaogopa mtu kurudi nyumbani. Kusamehe si kubaki unapigwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inampa mwenye ndoa sababu halali ya kuondoka ikiwa mwenzake anamhatarisha vikali mwili au roho, yeye au watoto. Na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda leo, rozari utaisalia huko huko.

Nirudi kwako. Ulipotaka kujua utahukumiwaje kwa kumtakia baba moto, nilimkumbuka nabii Yona. Yona aliichukia Ninawi kwa sababu, ilikuwa mji wa watu wakatili. Mungu alipoihurumia, Yona alikasirika kiasi cha kutaka kufa, akatoka nje ya mji akaketi aone kama utaangamia. Kama wewe tu, umekaa kwenye benchi unatazama. Mungu hakumpiga. Alimwoteshea mmea wa kivuli, akamwondolea, kisha akamuuliza: je, unatenda vema kukasirika? Na kitabu kinaishia kwa swali la Mungu. Yona alijibu nini hatuambiwi. Nadhani Mungu anaweza kukaa na hasira yako muda mrefu kuliko unavyoweza wewe.

La Komunyo sitalimaliza mimi kwa kalamu, na yule mwanajumuiya, hata kama alikuwa na nia njema, hakutakiwa kulimaliza kwa sentensi moja njiani. Kuna tofauti kati ya mtu ambaye jeraha lake bado linauma na hajaweza, na mtu aliyeamua kwa makusudi kumtakia mwenzake upotevu wa milele. Wewe uko wapi kati ya hapo, atakayekusaidia kupima ni padre katika kitubio. Tupo Kwaresima, mapadre wanakaa kwenye kiti cha maungamo saa nyingi. Kama unaona aibu kwa paroko wako, nenda parokia nyingine, kitubio ni kile kile na siri ni ile ile. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, hasa lile la chini kabisa. Kukaa miezi mitano bila Komunyo kwa hukumu uliyosomewa na jirani ni muda mrefu, mwanangu. Na hayo ya kushtuka mlango ukigongwa usiku, huo si upungufu wa imani. Tafuta pia mshauri nasaha au mwanasaikolojia hospitalini. Mwili nao una kumbukumbu zake, na wapo waliosomea kuusaidia.

Tuje kwenye novena yenyewe. Ukikataa kabisa usiende, utakuwa mkweli, na hakuna atakayekulazimisha. Lakini mama hatasikia "sijawa tayari". Atasikia "umekosea kumpokea baba", jambo ambalo sidhani unalimaanisha. Ukienda na kuongoza siku ya nane kwa midomo, ukijilazimisha, amani itakuwepo sebuleni, ila utarudi Songea umejichukia zaidi, na uchungu wa namna hiyo hutokea mahali pengine, mara nyingi kwa mtoto asiyehusika. Unaweza kumwomba mama akubadilishie. Siku ya kwanza, Ijumaa Kuu, ni ya watu wote, hasa wakosefu, na humo tumo sote, huhitaji kumtaja mtu. Au uende siku yako hiyo hiyo, mdogo wako aongoze, wewe ukae tu. Hilo nalo lina gharama yake: watakuuliza kwa nini, na itabidi uwe na la kusema. Pengine "naomba mniombee na mimi" litatosha kwa mwaka huu.

Fedha ningekushauri uitenganishe na sala. Sadaka ya misa hainunui mbingu ya baba, na usipoitoa humzuilii. Ni mchango wa waamini, na sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuadhimisha misa kwa nia za wasio na kitu hata bila sadaka. Unachokishikilia pale kwenye simu si hatima ya baba, ni mzigo wa mama: usipotuma, atauza mbuzi au atakopa. Lakini pia ukituma kwa kinyongo, kila sahani utakayoiona itakukera. Kama utatuma, kwa nini usiandike nia wewe mwenyewe? Hakuna anayekataza nia ikasomeka: kwa ajili ya marehemu, na kwa uponyaji wa mke wake na watoto wake. Iwe mara ya kwanza kwa jambo hili kusemwa kwa sauti kanisani, kwamba kuna walioumia.

La kikombe nimeliacha mwisho kwa makusudi. Mimi sikuwepo, na sitaki kumwamulia marehemu. Ila wewe uliona kwa macho, ukiwa umesimama na beseni. Mama alishikwa. Mkono ule uliovunjika unaijua mikono ya mtu yule kwa miaka mingi, unajua akishika kwa hasira na akishika vinginevyo. Huenda alitafuta maji. Huenda alitafuta maji, mkono ukakutana na kiwiko, ukakumbuka. Padre alikuwa amempaka mafuta, na mpako ule huondoa dhambi za mgonjwa asiyeweza tena kuungama, kama ana majuto moyoni. Kama majuto yalikuwepo, kati ya beseni na kikombe, hatujui. Kabla hujamwambia mama ulichokiona, jiulize unataka apate nini. Inawezekana ni ukweli. Inawezekana pia umechoka kuwa peke yako. Kama ni hilo la pili, kuna jambo jingine unaloweza kumwambia: kwamba usiku ule wa darasa la sita ulikuwepo, na kwamba kibatari hujakiweka chini mpaka leo. Sina hakika kama anajua. Muulize pia yeye, akisali, huwa anakiona nini. Tumezoea kuwasifu mama zetu kwa kusamehe bila kuwauliza iliwagharimu nini.

Mwanao anastahili jibu. Mwambie babu yuko mikononi mwa Mungu, ambaye anajua mema na mabaya yote aliyoyafanya. Hutakuwa umemdanganya hata kidogo, na mtoto wa miaka saba anaweza kulala na jibu hilo.

Kuhusu ule mstari wa Baba Yetu, usiuogope mkiwa mnasali pamoja. Ndiyo maana sala ile imewekwa kwa wingi, "utusamehe", "tunavyowasamehe". Ukifika hapo pumzi ikakata, nyamaza, waache mama na wadogo zako waubebe, kisha ingia tena nao wanaposema "usitutie katika vishawishi".

Na ukiamua kwenda siku hiyo ya nane, hata kama hutafungua kinywa, kaa upande wa kushoto wa mama. Ikifika fungu la tatu, mkono ule utakuwa umechoka.